Gari jipya, ubovu ule ule: kabla hujagombana na muuzaji, fungua daftari

Leo naomba tuweke pembeni ubwiri unga wa kwenye zabibu na viwavijeshi vya mahindi, tuongelee gari. Najua mimi ni afisa ugani, si fundi wala si wakili. Lakini vijana wengi ninaowahudumia wameacha kukodi Fuso za watu, wanachukua mkopo na kununua gari lao jipya lenye waranti, na simu ninazopigiwa usiku siku hizi nyingine si za wadudu tena.

Moja ya simu hizo ilikuwa ya mwenyekiti wa kikundi cha vijana sita wanaolima zabibu upande wa Chamwino. Walinunua lori dogo la tani 3 na nusu, jipya kabisa, kutoka shoruumu moja ya Dar. Jina la kampuni na aina ya gari sivitaji, maana shida ninayoieleza inaweza kumkuta mteja wa kampuni yoyote. Sehemu ya bei walitoa mfukoni, iliyobaki benki. Waranti yao ilikuwa miaka 2 au kilomita 60,000, kinachotangulia.

Mwezi wa nne tangu wanunue, katikati ya mavuno ya Machi, wakiwa na kreti 160 za zabibu za mezani kuelekea Dar, gari lilianza kukohoa wakipanda kabla ya kufika Gairo. Taa ya injini ikawaka. Nguvu zikakata hadi likawa linakwenda gia ya pili kama mtu aliyechoka, halafu likazima. Wakakaa pembeni nusu saa, wakapiga stati, likawaka kama vile halikuwa na shida. Mbele tena likafanya hivyo hivyo. Zabibu zilizotakiwa kuwa sokoni alfajiri zilifika saa saba mchana, kreti za chini zinatoa maji. Mnaolima zabibu mnajua dalali anafanya nini akiona maji. Anashusha bei bila hata kufungua kreti ya pili.

Walienda gereji ya muuzaji huko huko Dar. Safari ya kwanza wakabadilishiwa filta ya dizeli, wakaambiwa "mnaweka mafuta machafu." Safari ya pili tenki likaoshwa na sensa moja ikabadilishwa. Safari ya tatu gari likapimwa kwa kompyuta, likaendeshwa mtaani, wakaambiwa halina tatizo. Safari ya nne ndiyo iliyonifanya nipigiwe simu saa tano usiku. Waliambiwa nozo zimeharibika kwa sababu ya mafuta machafu, kwa hiyo waranti haihusiki, walipie wenyewe. Na bei ya nozo nne za injini hizi za kisasa, bwana, ni hela ya kupanda ekari nzima.

Kufikia hapo kikundi kilikuwa kinapasuka. Mmoja anasema gari liuzwe. Mwingine anataka lipelekwe kwa fundi wa mjini Dodoma lifunguliwe. Wawili wanamshuku mwenzao anayeendesha kwamba anakamua dizeli na kujazia vitu vya ajabu. Marejesho ya benki yanaendelea, benki haijali kama gari liko barabarani au liko juu ya jeki.

Nikawaambia, nileteeni karatasi zote za gereji.

Waliniletea moja. Mara nne gari limeingia gereji, karatasi moja! Na hiyo moja imeandikwa "sevisi ya kawaida imefanyika." Safari tatu nyingine kijana alikabidhiwa funguo na maneno ya mdomo, akashukuru, akaondoka. Kwa maana hiyo, kwa maandishi, gari lile halikuwahi kuharibika hata siku moja. Lilikwenda sevisi mara moja tu, likarudi salama. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Karatasi ya gereji ni ushahidi wako, usiiache mezani

Kila gari likiingia gereji ya muuzaji hufunguliwa jobu kadi. Humo wanaandika kilomita, malalamiko ya mteja, walichokiona na walichokifanya. Tatizo ni kwamba yule wa mapokezi anaandika kwa kifupi chake. Wewe umemweleza dakika kumi nzima kwamba gari likipanda mlima na mzigo linakosa nguvu, taa inawaka na linazima, yeye anaandika "angalia injini." Usisaini hapo. Mwombe aandike maneno yako, na kama ubovu ni ule ule wa mara iliyopita, aandike kwamba umejirudia. Kisha ondoka na nakala. Wakikuambia nakala inabaki ofisini, piga picha kwa simu mbele yao. Ukiwa na adabu hawakatai.

Siku ya kuchukua gari, vivyo hivyo. Wakikuambia "tumeangalia, liko sawa," hilo nalo liandikwe. Karatasi inayosema "hatukuona tatizo" ina faida kwako ikiwa gari litazima tena kilomita 300 baadaye, kwa sababu inaonyesha uliwapelekea na wao hawakulipata.

Hesabu pia siku ambazo gari limelala gereji. Nitarudi kwenye hili.

Fundi aliyekataa kushika spana

Kabla ya kuandika barua yoyote tulikwenda kwa fundi mmoja wa siku nyingi hapa Dodoma, mzee ambaye vijana wote wa malori wanampa shikamoo. Nilitegemea atafungua boneti. Hakufungua. Alisema, "Wanangu, hilo lina waranti. Nikigusa boliti moja tu watasema mimi ndiye niliyeliharibu. Mrudishieni mwenyewe." Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza kule shoruumu, "Likizima huwa tenki lina mafuta kiasi gani?"

Hakuna aliyejua. Wakaangaliana.

Basi tukafungua daftari la shule la kurasa 96, likafungwa kamba kwenye dashibodi. Kila safari linaandikwa: tarehe, kilomita, nani anaendesha, mzigo kiasi gani, mshale wa mafuta uko wapi, mafuta yamewekwa kituo gani, na gari likigoma, limegomea wapi, saa ngapi, limefanyaje, limechukua muda gani kupona. Likigoma, piga picha ya dashibodi ikionyesha kilomita, taa na mshale wa mafuta kwa pamoja. Picha moja ya namna hiyo inasema mengi kuliko kelele za nusu saa kwenye kaunta.

Baada ya wiki tano daftari lilikuwa na safari 14, na gari lilikuwa limegoma mara 6. Mara zote 6 lilikuwa na mzigo, lilikuwa linapanda, na mshale ulikuwa chini ya nusu tenki. Na mara 6 hizo zilikuwa za madereva wawili tofauti, tatu kwa huyu, tatu kwa yule. Yule kijana aliyekuwa anashukiwa alikuwa kimya alipoonyeshwa ukurasa huo. Hakusema neno. Nadhani hata wenzake hawakujua waseme nini.

Sasa angalia jambo hili. Vijana walipokuwa wanakwenda sokoni waliweka mafuta kidogo kidogo kwa sababu hela ilikuwa haitoshi, waongeze Morogoro. Lakini walipokuwa wanalipeleka gari gereji walijaza tenki, waliogopa kuzimiwa njiani, na lilikuwa tupu. Pale Dar fundi analizungusha kwenye barabara tambarare bila mzigo. Ubovu ungeonekana vipi?

Habari ya mafuta machafu

Nisiwaonee watu wa gereji. Dai la mafuta machafu si la kubuni. Injini za dizeli za siku hizi zina presha ya kutisha. Tairi la lori unalijaza kama bar 7 au 8, lakini dizeli inayosubiri kuingia kwenye nozo iko kwenye presha inayopita bar 1,000. Tone la maji au vumbi ambalo injini ya trekta la zamani ingelimeza na kuendelea, huku linakwangua nozo na pampu. Na sisi wa ukanda huu wa kati tuna tabia ya kununua dizeli kwenye madumu kijijini, dumu lilelile lililobeba viuatilifu wiki iliyopita. Ukifanya hivyo kwenye gari jipya, umeivunja waranti yako kwa mikono yako.

Kwa hiyo nunua dizeli kituo kinachoeleweka, dai risiti ya EFD kila mara na uitunze kwenye bahasha moja. Mwaga maji ya kwenye sedimenta kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Na ukianza kushukiwa, chukua sampuli ya dizeli kutoka kwenye tenki, iweke kwenye chupa ya kioo safi isiyo na rangi, iache itulie usiku kucha. Maji hukaa chini, uchafu unaonekana. Hiyo haimalizi ubishi kama maabara, lakini inakupa kitu cha kuweka mezani. Vijana hawa walikuwa na risiti 23 za vituo vya barabarani na chupa ambayo chini yake hapakuwa na kitu.

Kuna mambo mengine mawili yanayoua waranti huku kwetu, nayo yanafanywa kila siku. La kwanza ni kupandisha bodi kwa mbao na kuongeza springi ili tani 3 na nusu ziwe 6. Msimu wa alizeti unaona malori madogo yanatembea yameinama kama punda. Muuzaji akikuta springi iliyoongezwa hana haja ya kubishana na wewe tena. Gari lenye uzito wa jumla kuanzia kilo 3,500 linatakiwa kuingia mizani chini ya sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, kwa hiyo ukipita Vigwaza au Nala na kupewa karatasi ya mizani, iweke kwenye bahasha ya risiti. Inaonyesha hukuzidisha. La pili ni kuruka sevisi au kuweka filta ya bei ya chee kutoka duka lolote. Hili sihitaji kulieleza sana.

Sheria inasemaje

Marekani wana jina la gari jipya linaloharibika kila siku, wanaliita limau. Jimbo la Connecticut lilitunga sheria yake ya malimau mwaka 1982, na majimbo mengine yakafuata. Kwa ujumla sheria hizo zinahesabu. Muuzaji akijaribu kutengeneza ubovu ule ule mara kadhaa, mara nyingi nne, akashindwa, au gari likikaa gereji siku 30 kwa jumla, mteja anakuwa na haki ya kubadilishiwa au kurudishiwa fedha.

Sisi hatuna sheria ya kuhesabu hivyo. Tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo chimbuko lake ni sheria ya Waingereza ya mwaka 1893. Inasema mambo ambayo mnunuzi wa gari la shamba anatakiwa kuyajua kabla hajalipa.

Ukimweleza muuzaji kazi unayotaka bidhaa iifanye, ukategemea utaalamu wake, bidhaa inatakiwa iifae kazi hiyo. Lakini ukiingia shoruumu ukanyoosha kidole kwa jina la gari, "nataka lile," kinga hiyo inapungua. Kwa hiyo unapoomba proforma, andika kwa barua au hata ujumbe wa simu, "tunataka gari la kubeba zabibu tani 3 kutoka Dodoma hadi Dar, mara mbili kwa wiki." Sentensi moja tu. Soma pia kile kipengele cha mkataba kinachosema muuzaji hatoi dhamana nyingine yoyote zaidi ya ile iliyoandikwa, kwa sababu sheria inawaruhusu wawili kukubaliana hivyo na wewe unaweza kuwa umesaini.

Jambo jingine ni muda. Ukikaa na bidhaa kwa muda unaotosha bila kumwambia muuzaji kwamba unaikataa, sheria inakuhesabu umeipokea. Ukishahesabiwa umeipokea, haki ya kuirudisha imeondoka, inabaki haki ya kudai fidia tu. Vijana wengi wanavumilia, "ngoja msimu uishe tutaongea nao." Msimu ukiisha, haki ya kurudisha gari nayo inakuwa imeisha.

Kuna Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa sheria Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji. Unaweza kupeleka lalamiko, hasa kama ulidanganywa kuhusu gari lenyewe. Ila wewe umenunua gari la biashara, si la kwenda nalo harusini, kwa hiyo waulize kwanza kama shauri lako linaangukia kwao kabla hujaweka matumaini yote pale. Kama fedha ni nyingi, tafuta wakili mapema, hata kwa ushauri wa saa moja.

Na kabla ya hayo yote, angalia nani amesimama nyuma ya waranti. Mnakumbuka matrekta ya URSUS yaliyokuwa yakiunganishwa TAMCO Kibaha kwa mkataba wa NDC na kampuni ya Poland wa mwaka 2015. Mpango ulikuwa matrekta 2,400. Malalamiko ya wakulima kuhusu ubovu na uhaba wa spea yalifika hadi hapa bungeni Dodoma, na mwaka 2021 kampuni yenyewe ya URSUS ilitangazwa kufilisika huko kwao. Kitabu cha waranti cha mtengenezaji wa namna hiyo unamfungulia nani? Siku ya kununua, omba uonyeshwe stoo ya spea, uliza fundi wa karibu na Dodoma yuko wapi, na nani analipa gari likivutwa kutoka Gairo.

Barua tuliyoandika

Haikuwa na matusi wala vitisho. Nawapa maneno yake, mbadilishe yenu:

"Yah: Ubovu unaojirudia kwenye gari namba …, chasisi namba … Gari hili tulilinunua kwenu tarehe … Limeletwa gereji kwenu mara 4, tarehe …, kwa dalili ile ile: likiwa na mzigo na likipanda, linapoteza nguvu, taa ya injini inawaka na injini inazima. Limekaa gereji jumla ya siku 19. Tangu matengenezo ya mwisho limegoma mara 6, na maelezo ya kila tukio tumeambatanisha pamoja na picha, risiti za mafuta na karatasi za mizani. Matukio yote yametokea mafuta yakiwa chini ya nusu tenki. Tunaomba mlijaribu likiwa na mzigo na mafuta chini ya nusu, mwakilishi wetu akiwepo, na mtupe matokeo kwa maandishi. Tunaomba pia siku ambazo gari limekaa gereji ziongezwe kwenye muda wa waranti. Hatujalikubali gari hili likiwa katika hali hii. Tunalitumia kwa sasa ili kupunguza hasara tu, na tunahifadhi haki zetu zote. Tunaomba majibu ndani ya siku 14."

Ile sentensi ya "hatujalikubali" si dawa ya kila kitu, maana kuendelea kulitumia gari kunaweza kutumika dhidi yako. Lakini ni bora iwepo kuliko isiwepo. Nakala ilikwenda benki, kwa sababu benki ndiyo imeshika kadi ya gari na ina maslahi kwenye afya yake. Kijana alipeleka barua mkononi, akagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Usitume kwa WhatsApp tu ukadhani umemaliza.

Siku ya tisa walipiga simu wenyewe. Gari lilipakiwa mifuko ya saruji, mafuta yakaachwa robo tenki, fundi wao mkuu akaketi kiti cha abiria na kompyuta yake mapajani. Baada ya kuzunguka kwa zaidi ya saa moja lilizima mbele yake. Tenki liliposhushwa, lile bomba la ndani linalovuta dizeli lilikutwa na ufa mwembamba karibu na katikati. Tenki likijaa, ufa unazama kwenye mafuta na hakuna kinachoonekana. Mafuta yakishuka chini ya ufa, injini ikitaka dizeli nyingi mlimani inavuta hewa. Ilikuwa hivyo tangu kiwandani. Nozo zilipimwa, zikawa nzima.

Bomba lilibadilishwa bure, na waranti ikaongezwa miezi 2 kwa barua. Hela ya zile kreti 160 hawakurudishiwa. Waliomba, wakajibiwa kwamba mkataba hauhusishi hasara ya mzigo, na tulipousoma kweli ulisema hivyo, ukurasa wa tatu kwa maandishi madogo. Mwanachama mmoja alishajitoa kabla gari halijapona, alirudishiwa mchango wake kwa awamu.

Yule kijana dereva bado anaendesha. Nilikutana naye Agosti akipakia zabibu za mavuno ya pili, nikachungulia ndani. Daftari lilikuwa la pili sasa, limefungwa kamba pale pale, na mshale wa mafuta ulikuwa chini ya nusu. Aliona ninakoangalia, akacheka. "Litapanda tu, afisa," akaniambia.